Gegedu na Vimeng'enya Vyake

Katika viungo vikubwa vya mwili wa binadamu, kama goti, nyonga na bega, ncha za mifupa inayokutana hufunikwa na gegedu, yaani tabaka jeupe, laini na lenye kuteleza, ambalo unene wake ni milimita chache tu na ambalo halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Tabaka hilo hubeba uzito wa mwili kwa miongo mingi bila mwenye mwili kulihisi, na ndani yake mna seli chache mno, zisizozidi asilimia 5 ya ujazo wake, ambazo ndizo zilizolijenga na ndizo zinazolitunza. Seli hizo hizo zina pia uwezo wa kulibomoa kwa kutumia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, na mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba afya ya kiungo hutegemea sana jinsi vimeng'enya hivyo vinavyoamriwa kuanza kazi na jinsi vinavyoamriwa kuacha.

Mbali na maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake, gegedu limejengwa kwa vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni kolajeni, protini yenye nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani, nayo ndiyo inayolipa gegedu umbo na uimara wa kutochanika. Cha pili ni agrekani, molekuli kubwa iliyozungukwa na minyororo ya sukari ipatayo 100, minyororo yenye chaji hasi ambayo kwa sababu hiyo huvuta maji na kuyashikilia. Maji hayo hulisukuma gegedu lipanuke, nayo kolajeni hulizuia, na katika kushindana huko ndimo unamopatikana ule ugumu wenye mnepo unaoliwezesha goti kupokea mshindo wa kila hatua. Hata hivyo vitu hivyo viwili havilingani katika kudumu kwake. Agrekani ikikatwa, seli zinaweza kutengeneza nyingine na hasara ikafidiwa kwa kiasi kikubwa, ilhali kolajeni ya gegedu karibu haibadilishwi kabisa baada ya mtu kufikia utu uzima. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walikadiria kwamba ingehitajika miaka 117 ili nusu ya kolajeni hiyo iwe imebadilishwa, ambapo kwa kolajeni ya ngozi muda huo ni miaka 15. Na mwaka 2016 watafiti wa Denmark, wakitumia kaboni yenye mnunurisho iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, walikuta kwamba kolajeni iliyomo katika goti la mtu mzima ni ile ile iliyojengwa alipokuwa akikua. Mzee wa miaka 70 anatembelea kolajeni ya ujana wake, na ikikatwa leo hana akiba ya nyingine.

Tofauti hiyo kati ya kinachofidika na kisichofidika ilijitokeza, bila kufahamika vyema bado, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1956 na daktari Mmarekani, Lewis Thomas, ambaye aliwadunga sungura papaini katika mshipa wa damu. Papaini ni kimeng'enya kinachopatikana katika utomvu wa papai bichi, bidhaa ambayo Tanganyika, Uganda na Kongo ziliwahi kuiuza nchi za nje, nacho ndicho kinachofanya kazi pale mpishi wa pwani anapoipaka nyama ya mishikaki papai bichi ili ilainike. Baada ya saa chache masikio ya sungura wale, ambayo husimama kwa sababu ya gegedu lililomo ndani yake, yaliangukia pande mbili za kichwa, na baada ya siku chache yakasimama tena. Papaini ilikuwa imeiondoa ile dutu inayoshika maji na kuziacha nyuzi za kolajeni mahali pake, hivyo seli zikawa na kiunzi cha kujengea upya kilichopotea. Thomas aliona pia kwamba sungura waliopewa kotisoni hawakupona kwa namna hiyo, masikio yao yakabaki yamelala, na jambo hili litarejewa baadaye kwa sababu linawahusu wagonjwa wa leo.

Papaini ni kimeng'enya cha mti, na swali lililobaki lilikuwa kama wanyama wenyewe wanacho chao kinachoweza kuikata kolajeni, ambayo katika joto la mwili na katika mazingira yasiyo na asidi haikukatwa na kimeng'enya chochote cha mnyama kilichojulikana wakati huo. Jibu lilitoka Boston mwaka 1962, na lilitoka kwa kiluwiluwi wa chura. Kiluwiluwi anapogeuka chura mkia wake wote hutoweka, pamoja na kolajeni iliyomo, na wanasayansi Jerome Gross na Charles Lapière waliwaza kwamba lazima kuwe na kitu kinachoimeng'enya. Badala ya kuisaga mikia na kutafuta kimeng'enya ndani ya rojo yake, kama ilivyokuwa desturi ya maabara, waliweka vipande vya mkia vilivyo hai juu ya tabaka la kolajeni nyeupe, wakaona eneo la kuzunguka kila kipande likiyeyuka na kuwa angavu. Ufundi wao ulikuwa katika kutambua kwamba kimeng'enya hiki hakihifadhiwi ghalani; seli hukitengeneza kinapohitajika, na kwa hiyo tishu iliyokufa haina cha kuonyesha. Miaka mitano baadaye, mwaka 1967, John Evanson, John Jeffrey na Stephen Krane, nao wa Boston, walikipata kimeng'enya cha namna hiyo kikitolewa na utando wa viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi, na tangu hapo habari za mkia wa kiluwiluwi zikawa habari za tiba ya binadamu.

Kimeng'enya kile kilipewa jina la kolajenasi, na ikaja kubainika kwamba ni kimoja tu cha ukoo mkubwa uitwao metaloproteinasi za matriksi, neno matriksi likiwa na maana ya dutu yote inayozizunguka seli katika tishu. Binadamu ana vimeng'enya takribani 23 vya ukoo huu, ambavyo huitwa kwa herufi MMP na namba, na vyote hufanya kazi kwa msaada wa chembe ya zinki iliyokaa katikati ya sehemu inayokata. Mwili huvitawala kwa ngazi tatu. Kwanza, jeni zake nyingi hukaa kimya mpaka seli ipate ishara ya kuziamsha. Pili, kimeng'enya hutengenezwa kikiwa na kipande cha ziada kinachoifunika zinki, na hakiwezi kukata chochote mpaka kipande hicho kiondolewe. Tatu, ziko protini 4 za kuzuia, ziitwazo TIMP, ambazo hukifuata kimeng'enya kilichokwisha kuamshwa na kukiziba. Kolajenasi hasa ni chache, zikiwemo MMP-1, MMP-8 na MMP-13, na kila moja huikata kolajeni mahali pamoja tu, ikiacha vipande viwili, kimoja chenye robo tatu ya urefu na kingine chenye robo. Mkato huo mmoja unatosha, kwa kuwa vipande hivyo hufumuka vyenyewe katika joto la mwili na vimeng'enya vingine huvimaliza. MMP-13, iliyogunduliwa Hispania mwaka 1994 katika uvimbe wa saratani ya matiti, ndiyo iliyo kali zaidi dhidi ya kolajeni ya aina ya pili, ambayo ndiyo kolajeni ya gegedu.

Agrekani nayo ina wakataji wake, wa ukoo jirani uitwao ADAMTS. Wawili kati yao, namba 4 na namba 5, walitambuliwa mwaka 1999, na mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na lingine la Australia, yalionyesha kwamba panya waliozaliwa bila jeni ya ADAMTS-5 hawakuharibikiwa na gegedu kama wenzao baada ya kuumizwa goti au kusababishiwa ugonjwa wa viungo kwa makusudi. Kutokana na kazi za aina hiyo umepatikana mpangilio wa uharibifu ambao sasa unakubaliwa na wengi: agrekani hukatwa kwanza, gegedu likapoteza maji na kulegea, na maadamu kolajeni haijaguswa uwezekano wa kurudi nyuma upo, lakini kolajeni ikishakatwa, mlango wa kurudi hufungwa.

Mtu anayesikia haya anaweza kudhani kwamba vimeng'enya hivi ni adui wa kufutwa, na dhana hiyo, kama itakavyoonekana, iliwagharimu watengenezaji wa dawa fedha nyingi. Mwili hauwezi kuishi bila kubomoa. Mifupa ya mtoto hurefuka kwa sababu gegedu la ukuaji lililo karibu na ncha za mifupa hubomolewa upande mmoja na kugeuzwa mfupa, na MMP-13 ni miongoni mwa vinavyofanya kazi hiyo, kiasi kwamba binadamu wenye hitilafu katika jeni yake hupata mifupa mifupi na iliyopinda. Kidonda hakifungi vizuri bila tishu mbovu kuondolewa. Ushahidi ulio mzito kuliko yote ulitoka Saudi Arabia, ambako mwaka 2001 ilielezwa kwamba watoto wa familia kadhaa waliokuwa na ugonjwa wa kurithi unaoyeyusha mifupa ya mikono na miguu na kuharibu viungo walikuwa hawana MMP-2 inayofanya kazi. Yaani kimeng'enya cha kubomoa kilikosekana, na viungo vikabomoka. Wala sayansi haijalieleza fumbo hilo lote mpaka sasa.

Ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, uitwao osteoathritisi, ndio unaowapata watu wengi zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 528 walikuwa nao mwaka 2019, na goti ndilo linaloathirika mara nyingi. Neno kuchakaa linapotosha kidogo, kwa kuwa gegedu haliliki kwa msuguano tu. Uzito uliozidi, jeraha la zamani la kano, au umri huzifanya seli zilizokuwa zimetulia zianze kutoa MMP-13 na ADAMTS kwa wingi, na vipande vya matriksi vinavyotokana na ukataji huo huzirudia seli na kuwa ishara mpya ya kukata zaidi, hata ikafika mahali ambapo uharibifu unajilisha wenyewe ingawa kilichouanzisha kimeshaondoka. Hilo ndilo linalofafanua kwa nini mchezaji aliyeumia goti akiwa na miaka 20 anaweza kuanza kuchechemea akiwa na miaka 40.

Katika baridi yabisi hali ni nyingine, kwa sababu chanzo hakimo katika gegedu. Kinga ya mwili huugeukia utando unaokizunguka kiungo, ule unaotengeneza ute wa kukilainisha, na utando huo hunenepa, hujaa seli za kinga, kisha hutambaa juu ya gegedu na kulimeng'enya kutoka ukingoni. Uhusiano kati ya utando na gegedu ulifichuliwa katika maabara ya Strangeways mjini Cambridge, ambako Honor Fell na wenzake, katika miaka ya 1970, walikuza vipande vya tishu hizo mbili pamoja na kuona kwamba utando hutoa kitu kinachoziamuru seli za gegedu zilibomoe gegedu lao wenyewe. Kitu hicho kilikuja kutambuliwa kuwa ni intaleukini-1, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga hupelekeana kama ujumbe, na mwenzake mkubwa ni ile iitwayo TNF. Ravinder Maini na Marc Feldmann waliijaribu dawa ya kuizuia TNF kwa wagonjwa wa baridi yabisi huko London mwaka 1992, na pamoja na nafuu ya maumivu, kiasi cha MMP-1 na MMP-3 katika damu ya wagonjwa waliotibiwa kwa njia hiyo kilishuka. Dawa haikugusa kimeng'enya hata kimoja; ilizima amri.

Uharibifu ulio wa haraka kuliko yote ni ule wa usaha. Bakteria wanapoingia katika kiungo, seli nyeupe za damu humiminika humo zikiwa na vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa na kuhifadhiwa ndani yake, MMP-8 na elastasi zikiwemo, na zinapokufa huvimwaga vyote kwa pamoja, hivyo ile tabia ya kungojea amri haipo tena. Kwa hiyo goti la mtoto lililovimba ghafla, lenye joto, analokataa kulikunja huku ana homa, ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo ili usaha utolewe, kwa kuwa siku chache zinatosha kuondoa gegedu la maisha yake yote. Kifua kikuu cha viungo, ambacho bado kinaonekana katika hospitali za Afrika Mashariki, hufuata mwendo tofauti kabisa. Daktari mpasuaji wa Chicago, Dallas Phemister, alieleza mwaka 1924 kwamba katika kiungo chenye kifua kikuu gegedu hudumu muda mrefu hata mfupa wa kando yake ukiwa umeshaliwa, kwa sababu majimaji ya kifua kikuu hayana vimeng'enya vya namna ile ya usaha. Na mpaka leo anayesoma picha ya eksirei hutazama kama nafasi kati ya mifupa imebaki, akijua kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aliyetibiwa mapema anaweza kubaki na goti linalofanya kazi.

Baada ya vimeng'enya kujulikana, ilionekana kwamba dawa ya kuziba zinki ingetosha. Marimastati, iliyokusudiwa saratani katika miaka ya 1990, ilizuia MMP nyingi kwa wakati mmoja, na wagonjwa waliotumia wakaanza kulalamika maumivu na ukakamavu wa mabega, mikono na kano, yaani madhara yaliangukia mfumo ule ule ambao watafiti wengine walitumaini kuulinda kwa dawa za jamii hiyo. Jaribio jingine, lililowahusu watu 401 wenye osteoathritisi ya goti na kuchapishwa mwaka 2007, lilitumia dawa iliyochaguliwa kwa uangalifu zaidi, iitwayo PG-116800; baada ya mwaka mmoja gegedu halikuokolewa na maumivu ya misuli na viungo yaliongezeka. Ndipo matumaini yakahamia kwa ADAMTS-5, kwa kuwa panya walikuwa wamewaonyesha watafiti njia, na dawa iliyoilenga peke yake ikajaribiwa kwa watu 932 kwa wiki 52. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalikuwa kwamba gegedu la waliotumia dawa halikutofautiana na la waliopewa vidonge visivyo na dawa. Panya wa maabara hukatwa kano leo na kuanza kutibiwa leo, ilhali binadamu hufika kliniki miaka mingi baada ya mlango wa kolajeni kufungwa, na tofauti hiyo pengine ina uzito kuliko kasoro yoyote ya dawa yenyewe.

Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria inayopatikana katika kila duka la dawa, huzuia kolajenasi hata katika dozi ndogo isiyoua bakteria, na Marekani iliiruhusu mwaka 1998, kwa miligramu 20 mara mbili kwa siku, itumike kwa ugonjwa wa ufizi. Ilipojaribiwa kwa wanawake wanene 431 wenye osteoathritisi ya goti moja, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kupungua kwa nafasi kati ya mifupa kwa waliopewa dawa kulikuwa kidogo kwa theluthi moja baada ya miezi 30, lakini maumivu yao hayakutofautiana na ya wenzao. Hakuna sababu ya mtu kuimeza kwa ajili ya magoti, na kuitumia ovyo huzalisha bakteria sugu.

Sindano za jamii ya kotisoni zinastahili kutazamwa upya kwa mwanga wa sungura wa mwaka 1956. Dawa hizi hupunguza utengenezaji wa vimeng'enya na hutuliza uvimbe na maumivu kwa wiki kadhaa, lakini hupunguza pia kazi ya seli ya kujenga. Mwaka 2017 utafiti wa Boston uliowahusu wagonjwa 140, waliodungwa triamsinoloni au maji ya chumvi gotini kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ulionyesha kwamba waliopewa dawa walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa machache kuliko ya wenzao. Sindano moja wakati wa shida kubwa haina ubaya huo. Anayejizoesha kuirudia, au kununua deksamethasoni dukani bila cheti, ndiye anayejiweka mahali pa sungura wale. Kuhusu supu ya makongoro, ambayo husifiwa sana na wenye magoti mabovu, inatosha kusema kwamba kolajeni yake humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote, na haina barabara ya kwenda moja kwa moja gotini. Supu yenyewe ni nzuri kwa sababu nyingine.

Kupunguza uzito, kwa upande mwingine, hufika kwenye chanzo cha amri, kwa kuwa kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takribani kilo 4 katika kila hatua, na mafuta ya mwili yakipungua hupungua pia protini za kuchochea uvimbe yanazozitoa. Mazoezi yasiyo ya kuumiza nayo yana nafasi yake, kwani gegedu lisilo na mishipa ya damu hupata chakula chake kwa maji kuminywa na kurudi, na kiungo kilichofungwa plasta kwa muda mrefu hupoteza agrekani.

Linalobaki kuwa gumu ni kwamba gegedu halina mishipa ya fahamu, na kwa sababu hiyo miaka ambayo ADAMTS inakata agrekani, yaani miaka ambayo dawa ingeweza kufaa, ni miaka ambayo mwenye goti hana la kumpeleka kwa daktari. Maumivu huja baadaye, kutoka katika mfupa ulio chini na katika utando. Vipande vya kolajeni ya aina ya pili huonekana katika mkojo na vinaweza kupimwa, na katika kundi kubwa la watu wale wenye vipande vingi ndio ambao kwa wastani ugonjwa wao huendelea kwa kasi zaidi, ila kipimo hicho hakijafikia uhakika wa kumwezesha daktari aliye na mtu mmoja mbele yake kumwambia kama ameze dawa kwa miaka kumi kwa ajili ya goti ambalo bado haliumi.